Kirongozi wa Theluji: Thomas na Kipito cha Athabasca, 1811

Nimezaliwa wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Theluji nimeiona tangu utotoni, lakini kwa mbali, asubuhi mawingu yanapofunguka kidogo kabla ya kujifunga tena. Kwa Lukonzo tunaiita nzururu. Baba yangu aliikanyaga mara nyingi, kwa kuwa ujanani alibeba mizigo ya wageni waliopanda mlima. Mimi sikuwahi. Theluji ya kwanza kuikanyaga kwa miguu yangu ilikuwa ya Kanada, mwezi wa Februari, katika Mbuga ya Taifa ya Jasper, nilipokuwa mwanafunzi wa kubadilishana kwa muhula mmoja katika jimbo la Alberta.

Tulikuwa wanafunzi tisa, tumelipia matembezi ya siku moja pamoja na mwongozaji. Alitugawia viatu vya theluji. Msomaji ambaye hajaviona asifikirie viatu vya kawaida vyenye manyoya ndani. Ni fremu pana mfano wa ungo mrefu, ambayo zamani ilikuwa ya mbao iliyosukwa kwa kamba za ngozi mbichi, na siku hizi ni ya alumini na plastiki. Unaifunga chini ya kiatu chako upande wa vidole tu, kisigino kinabaki huru. Uzito wa mwili unasambaa juu ya eneo kubwa, kwa hiyo huzami. Nilipovivua kwa majaribio nilizama hadi kiunoni, na wenzangu wawili walinivuta kwa mikono huku wakicheka.

Mwongozaji alitangulia, sisi tukafuata mstari mmoja nyuma yake. Kumbe kazi yote ni ya yule wa mbele. Yeye ndiye anayeivunja theluji laini na kuishindilia, na wa nyuma wanatembea kama walio kwenye barabara. Kila baada ya muda tulibadilishana. Zamu yangu ilidumu dakika kumi, jasho likanitoka katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri.

Tulipopumzika alituonyesha upande wa kusini-magharibi akasema, huko ndiko David Thompson alikovuka Milima ya Rocky katikati ya majira ya baridi, Januari 1811, kwa viatu kama hivi. Nikamwuliza: nani alitangulia mbele yake? Alifikiri kidogo, akasema kulikuwa na mtu wa kabila la Iroquois, jina lake Thomas. Kisha tukaendelea kutembea. Insha hii imetoka katika jibu hilo.

Kwanza nimweleze Thompson, maana bila yeye tusingekuwa na maandishi. Alizaliwa London mwaka 1770 katika familia maskini, akasomeshwa katika shule ya hisani, na akiwa na miaka 14 akapelekwa ng'ambo kuitumikia Kampuni ya Hudson's Bay, iliyokuwa ikinunua ngozi za manyoya kutoka kwa wenyeji. Alijifunza kupima ardhi kwa nyota na jua. Mwaka 1797 alihamia kampuni shindani, North West. Mke wake, Charlotte Small, alikuwa binti wa mfanyabiashara Mskoti na mama Mkrii, nao walizaa watoto 13. Thompson alichora ramani za nchi kubwa kiasi kwamba baadhi ya wanahistoria humhesabu miongoni mwa wapima ardhi wakubwa kuliko wote. Hilo silipingi.

Mwaka 1807 alivuka Rocky kupitia kipito cha Howse, akafungua biashara upande wa magharibi. Alichouza huko kilikuwa pamoja na bunduki, na waliozinunua walikuwa mahasimu wa Wapiegan, watu wenye nguvu waliokaa mashariki mwa milima. Ndiyo sababu mwaka 1810 Wapiegan walimfungia njia kwenye mto Saskatchewan. Vitabu vingine vinaandika tukio hili kana kwamba ni ukorofi wa wenyeji. Mimi naona walifanya hesabu ambayo dola yoyote ingeifanya: silaha zinapita nchini mwako kwenda kwa adui yako, unafunga mpaka.

Thompson akaamua kuzunguka kaskazini, kupitia mto Athabasca, njia ambayo hakuijua. Mwanzoni mwa Desemba 1810 alifika na watu wake karibu na ziwa Brûlé, wakiwa na farasi waliochoka, wakati mgumu kabisa wa mwaka. Hapo ndipo Thomas anapoingia.

Kwa maelezo ya Thompson mwenyewe, Thomas ndiye aliyewaambia kwamba majira yamekwisha kwenda mno, farasi hawataweza kuvuka milima kwa njia ya kawaida, na kwamba inawapasa kusimama, kuwinda nyama ya akiba, kutengeneza sleji za kuvutwa na mbwa na viatu vya theluji. Wakajenga kibanda, wakakaa hapo karibu wiki nne wakichonga mbao, wakipinda fremu na kusuka ngozi. Kipimajoto kilishuka hadi zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Tunapozungumzia uamuzi mkubwa wa safari ile, basi ndio huu, na haukuwa wa mkuu wa msafara. Mpima ardhi alijua yuko wapi duniani, kwa digrii na dakika, ila aliyejua namna ya kutoka hapo akiwa hai alikuwa mtu mwingine.

Hata chombo chenyewe hakikuwa cha Wazungu. Wafaransa walipofika Kanada mwanzoni mwa karne ya 17 waliwakuta wenyeji wakitembea na kuwinda juu ya theluji kwa vifaa hivyo, wakaviita raketi kwa kuwa viliwakumbusha raketi za kuchezea mpira. Bila hivyo biashara ya ngozi isingewezekana majira ya baridi, wakati ambapo manyoya ya mnyama ni mazito na bei yake ni nzuri. Kila eneo lilikuwa na umbo lake: virefu na vyembamba kwa nchi ya wazi, vifupi na vya duara kwa msitu mnene ambapo unageuka kila hatua. Mtu akivitazama vimetundikwa ukutani hotelini, kama nilivyoviona mimi, anaweza kudhani ni pambo.

Tarehe 29 Desemba msafara uliondoka, watu kumi na wawili hivi, sleji nane zenye mbwa wawili wawili, na farasi wachache wa kusaidia mwanzoni, ambao baadaye waliachwa. Bonde likazidi kupanda. Watu wa Thompson walikuwa wapagazi na wapiga makasia wenye asili ya Ufaransa, hodari mtoni, lakini mlima uliwatia hofu. Walikula nyama nyingi mno, kazi ile inaunguza mwili, na akiba ikapungua haraka. Mmoja alimpiga mbwa wa sleji vibaya mno kwa hasira. Tarehe 7 Januari walikuta nyayo kubwa sana kwenye theluji, wakaamini ni za mnyama wa kale aina ya tembo mwenye manyoya. Thompson aliona ni dubu mzee, lakini hakuna aliyetaka kuzifuata ili kuhakikisha.

Tarehe 10 Januari 1811 walifika juu ya kipito, kama mita 1,750 kutoka usawa wa bahari. Thompson anasimulia kwamba walichomeka mti wa futi 20 kwenye theluji bila kugusa ardhi, na usiku nyota ziling'aa kana kwamba mtu angeweza kuzigusa kwa mkono. Masimulizi haya aliyaandika uzeeni, zaidi ya miaka 30 baadaye, akiwa maskini na karibu kipofu, na hayakuchapishwa hadi 1916. Mwanafunzi wa historia anapaswa kuyasoma kwa tahadhari: mzee anakumbuka nyota na urefu wa mti, huku shajara ya kila siku ikihesabu maili na vipande vya nyama.

Upande wa pili ulikuwa mbaya zaidi kwa miguu. Hewa ya magharibi ina unyevu, theluji ikawa nzito na kushika kwenye viatu, miti mikubwa ikazuia sleji. Walifika mto Columbia mwezi huohuo, wengi wakamkimbia, na waliobaki naye kusubiri masika walikuwa watatu. Aprili walitengeneza mtumbwi wa mbao za mwerezi zilizoshonwa kwa mizizi, kwa kuwa gome la kufaa halikupatikana, na tarehe 15 Julai 1811 Thompson akafika Bahari ya Pasifiki, akakuta Wamarekani wamekwisha kujenga kituo chao Astoria. Kipito cha Athabasca kikawa njia kuu ya biashara ya ngozi kuvuka milima kwa miongo kadhaa.

Sasa turudi kwa Thomas. Thompson hakumficha, lazima tuseme kweli. Anamtaja kwa jina na kwa kazi. Lakini ni jina la Kikristo tu, bila la ukoo, na bila neno lolote lililotoka kinywani mwake isipokuwa lile la ushauri. Tena hakuwa mzawa wa milima ile. Nchi ya Wairoquois iko mashariki ya mbali, na wengi wao walikuja magharibi karibu na mwaka 1800 kutoka vijiji vya karibu na Montreal, wakiajiriwa kuwinda na kutega biva. Kwa hiyo njia ile aliijifunza kwa kuitembea, na bila shaka kwa kuwauliza wengine waliomtangulia, ambao hata jina moja hatukuachiwa. Neno "alivumbua njia" linanishinda kulitumia kwa yeyote kati yao.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaye mtu wa kumlinganisha naye. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, alirudi Zanzibar akiwa huru, akasafiri na Burton na Speke, kisha na Stanley, kisha na Cameron. Naye pia alikuwa mgeni katika sehemu nyingi alizopita. Lakini Shirika la Kijiografia la London lilimpa nishani ya fedha na kiinua mgongo cha kila mwaka. Lugha yetu nayo ilikuwa na cheo maalumu kwa anayetangulia msafara: kirongozi. Alibeba bendera na mzigo mwepesi, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Katika Kiingereza cha Thompson mtu huyo ni mwongozaji tu, na anaweza kusahaulika msafara ukifika.

Kwetu Rwenzori kisa kinaumiza zaidi. Tarehe 18 Juni 1906 mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, alisimama kwenye kilele akakiita Margherita, jina la malkia mama wa nchi yake. Waongozaji aliokuja nao kutoka milima ya Alps wanajulikana kwa majina na koo zao: Petigax baba na mwana, Ollier, Brocherel. Wabakonzo waliobeba mizigo hadi kambi ya chini ya mwamba wa Bujongolo, wengine pekupeku karibu na barafu, wanaonekana kwenye picha nzuri za Vittorio Sella, lakini aghalabu kama kundi.

Kuna jambo moja lililonifanya nisifurahie tena matembezi yale kama mwanzoni. Baadhi ya Wairoquois hawakurudi mashariki. Walioa kwa Wakrii na wenyeji wengine, na wazao wao wakawa sehemu ya jamii za Métis zilizolima na kuwinda katika bonde la Athabasca. Mbuga ilianzishwa 1907. Mwaka 1910 serikali ya Kanada iliziondoa familia za Métis zilizokuwa ndani ya mipaka yake, kwa kuwa makao yao hayakukubaliwa kama haki ya ardhi. Yaani bonde ambalo nililipa fedha ili niongozwe ndani yake ndilo walilofukuzwa watu wa aina ya Thomas. Nilipokuwa mdogo nilisikia wazee wetu wakilalamika kwa maneno yanayofanana na hayo kuhusu msitu wa Rwenzori, uliofanywa mbuga ya taifa mwaka 1991: waliotegemea mianzi, dawa na mitego wakaambiwa waombe ruhusa kwanza. Leo wengi wao ni wapagazi na waongozaji wa wageni, na barafu yenyewe, iliyozidi kilomita za mraba 6 wakati wa Duke, haifiki moja.

Niliporudi nyumbani Agosti nilimsimulia baba habari za Thomas. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: walimlipa kiasi gani? Sikuwa na jibu. Ndipo nikamwomba anitajie waliotangulia katika safari zake mwenyewe, kuanzia Nyabitaba hadi Bujuku na juu zaidi. Alitaja kumi na mmoja, pamoja na majina ya baba zao na vijiji walikotoka. Wawili wengine aliwakumbuka sura tu, akasema Jumapili atamwuliza rafiki yake aliyebeba naye mizigo. Nimeacha mistari miwili mitupu kwenye daftari.