Mkaza Mwana na Bima ya Uzee: Kisa cha Japani



Zamani Japani, aliyeolewa na mtoto mkubwa wa kiume aliolewa na nyumba nzima. Wakwe wakizeeka, yeye ndiye aliyewalisha, kuwaogesha na kukesha nao, bila ujira. Wazee waliokosa mtu walilazwa hospitali muda mrefu, si kwa ugonjwa bali kwa kukosa pa kwenda.

Mwaka 1983 Keiko Higuchi na wenzake wakaunda jumuiya ya wanawake, wakidai mzigo huo ubebwe na jamii nzima. Sheria ikapita 1997, na bima ya matunzo ikaanza 1 Aprili 2000. Mtu huanza kuchangia akifika miaka 40; nusu ya fedha hutoka kwenye michango, nusu kwenye kodi. Mzee hupimwa hali yake, kisha huletewa msaidizi nyumbani au hupelekwa kituoni. Mwanzoni alilipa asilimia 10 tu.

Je, familia ipewe fedha taslimu, kama Ujerumani ilivyoruhusu tangu 1995? Wanawake wengi walipinga: fedha zingekuja, na kazi ingebaki kwa mkaza mwana yule yule. Japani ikachagua huduma.

Kwetu Waislamu, wema kwa wazazi ni amri, Surat Al-Israa aya ya 23. Lakini anayeamrishwa ni mtoto. Mke akimtunza mkwewe ni ihsani, na ihsani hushukuriwa. Basi tuulizane kabla ya akdi: mama akizeeka, nani atamtunza, na kwa fedha za nani?