Mfalme wa Uru ni Nani? Karata za Wakuu na Swali la Nafasi

Katika karata 78 za taroti zimo 16 zinazowasumbua wasomaji kuliko nyingine zote. Ni karata za wakuu: mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme, kila mmoja akijitokeza mara nne. Mnara unaopigwa na radi hujieleza wenyewe, na mtu aliyelala kifudifudi na panga kumi mgongoni hahitaji mkalimani. Mfalme aliyeketi tu, sarafu gotini, anasema nini? Miongozo humpa msomaji majibu matatu: kwamba ni mtu fulani, au ni tabia ya mwulizaji, au ni jambo linalokuja. Kisha humwachia achague. Dai langu ni kwamba majibu hayo yote yanaruka hatua moja. Karata ya mkuu huonyesha nafasi ambayo jambo la mwulizaji halina budi kuipitia. Nani anaishika nafasi hiyo leo ni swali la pili, na mara nyingi si la msomaji kulijibu.

Nalijenga dai hili Sirisia, kwenye miteremko ya Bungoma inayoutazama Mlima Elgon. Taroti haikuzaliwa huku. Swali lake, hata hivyo, Wabukusu wamekuwa wakiliishi kwa vizazi.

Tuanze na karata zenyewe. Taroti ilitokea kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na ilikuwa mchezo. Mambo ya Misri ya kale yaliongezwa Paris mwaka 1781 na Antoine Court de Gébelin, bila ushahidi wowote. Mwanafalsafa Michael Dummett aliyachambua madai hayo mwaka 1980 yakabaki matupu. Waswahili tuna ushahidi wetu mdomoni. Kopa, shupaza, uru na pau ni maneno ya Kireno ya vikombe, panga, dhahabu na rungu, yaani zile zile aina nne za taroti. Na wachezaji wa pwani, wanapomwita mfalme mzungu wa nne, hawamaanishi kiumbe yeyote. Wanataja daraja lake katika mchezo. Huko ndiko alikoanzia mfalme wa karata: alikuwa cheo kabla hajawa mtu.

Aliyemfanya mtu, kwa wasomaji wengi wa karne iliyopita, ni A. E. Waite, ambaye karata zake zilizochorwa na Pamela Colman Smith zilitoka London mwaka 1909. Waite aliagiza kwamba mwulizaji awakilishwe na karata ya mkuu inayolingana na rangi ya nywele, macho na ngozi yake. Wenye nywele za manjano wana kundi lao. Wenye nywele nyeusi na macho meusi wapewe uru. Kwa kanuni hiyo soko zima la Chwele litaingia katika uru, wauza ndizi na wanunuzi wao, na karata 12 za wakuu zilizobaki zisiwe na kazi. Kuhusu umri aliagiza jambo la ajabu zaidi: mwanamume wa miaka 40 na kuendelea awe mpanda farasi, na aliye chini ya umri huo awe mfalme. Kama picha ni sura ya mtu, mpangilio huu hauna maana. Waite mwenyewe aliona ugumu, akaruhusu tabia ishinde rangi: mweusi mwenye bidii nyingi aweza kupewa shupaza badala ya uru.

Mlango huo mdogo ndio walioupitia wasomaji wa baadaye. Walitoka usoni wakahamia moyoni. Malkia wa kopa akawa upole, mpanda farasi wa shupaza akawa haraka na ukali. Leo hii ndiyo tafsiri inayotawala, nayo inaonekana ya kisasa na yenye huruma. Mimi naiona dhaifu kuliko ile ya nywele. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, akimwambia kila mmoja kwamba yameandikwa kwa ajili yake. Wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. Walipoombwa kuipima kwa alama tano, wastani ulikuwa 4.26. Maelezo ya tabia humkaa kila mtu. Msomaji anayesema "karata hii ni upande wako wa subira" hawezi kukosea, na asiyeweza kukosea hajasema kitu.

Sasa mtazame khocha. Kwa Wabukusu, khocha ni kaka wa mama. Kijana anayekwenda kutahiriwa humwendea kabla ya siku yenyewe. Huchinjiwa fahali, na kipande cha nyama, luliki, huvikwa shingoni mwake. Bila khocha safari hiyo ina pengo. Lakini jiulize khocha ni mtu wa namna gani. Hana namna. Anaweza kuwa mzee wa mvi au kijana mdogo kuliko mpwa wake, mkarimu au bahili, mlevi au mchungaji wa kanisa. Akifa, ndugu yake hushika nafasi. Wala jibu haliko katika tabia ya mpwa. Ukhocha uko kati ya watu, na ni halisi kiasi cha kugharimu fahali.

Marika husema hivyo hivyo kwa upana zaidi. Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Tohara hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, kila rika hukaa muda wa zaidi ya mwongo mmoja, na majina yakiisha huanza upya. Waliotahiriwa mwanzoni mwa karne ya 20 waliitwa Kolongolo. Waliotahiriwa mwanzoni mwa karne hii nao ni Kolongolo. Hakuna anayedhani ni watu wale wale, wala kwamba kila Kolongolo ana hasira au utulivu wa aina moja. Jina linakueleza nani umheshimu, nani utaniane naye, nani hufai kumwoa bintiye. Mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme ni ngazi ya namna hiyo, na inashangaza kwamba miongozo huisoma kama orodha ya tabia.

Hata katika uaguzi wenyewe Afrika ina mfano ulio karibu na karata ya mkuu kuliko chochote ninachokijua Ulaya. Victor Turner, aliyefanya utafiti kwa Wandembu wa Zambia katika miaka ya 1950, alieleza kapu la mwaguzi lenye vitu vidogo vinavyopepetwa mpaka vingine vije juu. Kimojawapo ni kisanamu kinachoitwa Katwambimbi, mwombolezaji. Ni mtu anayepeleka maneno huku na kule mpaka uhasama uzae kifo, kisha analia kuliko wafiwa. Katwambimbi hana ukoo wala sura. Kikija juu, mwaguzi na waulizaji hujadiliana ni nani aliyesimama hapo. Katika ramli ya pwani nako, alama huwa na maana kwa nyumba iliyoangukia: ya kwanza ni ya mwulizaji mwenyewe, ya saba ni ya mwenzi wake.

Kuchanganya nafasi na mtu kuna gharama, na Sirisia inaijua. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, wakaua watu 11. Siku chache baadaye kiongozi wao, Elijah Masinde, alikamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Dini ilipigwa marufuku. Serikali ilikuwa imesoma hali kama msomaji wa Waite: kuna mfalme, ana uso, mwondoe. Mwezi Aprili 1950 Lukas Pkiech aliongoza wafuasi wa dini hiyo hiyo Kolloa, miongoni mwa Wapokot, na damu ikamwagika tena. Nafasi ya nabii haikuwa imehamia Lamu pamoja na Masinde. Haya ni maelezo yangu ya kilichotokea, na mwanahistoria wa ardhi na kodi atakuwa na sababu zake za kuongeza. Lakini hesabu ya serikali ilishindwa mahali hapa.

Gharama nyingine ni ya majina. Kisii, mwaka 2008, watu 11 walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Mwaka 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Mpiga karata anayesema "malkia huyu wa shupaza ni mjane wa karibu nanyi" hachezi. Asemapo "jambo hili linapitia kwa mwanamke aliyebaki peke yake na shamba", amesema la maana zaidi na hajamkabidhi mtu kwa umati.

Atakayepinga atasema kwamba nafasi nazo ni pana, na msomaji mjanja atapata khocha popote. Hoja hiyo ina uzito. Ila kauli ya nafasi inaweza kukanushwa: kijana anayeuliza kuhusu shamba la babu anaweza kujibu kwamba hakuna mzee ambaye saini yake inahitajika, na hapo usomaji umekosea waziwazi.

Waite, kwa makosa yake yote, aliacha agizo moja linaloniunga mkono. Karata ya kumi, ya mwisho katika mpangilio wake, ikiwa ya mkuu, jambo limeangukia mikononi mwa mwingine. Basi ichukuliwe karata hiyo, iwekwe katikati, na usomaji uanze upya kutoka kwake. Ikiwa ni mfalme wa uru, na mwulizaji anataka kujua kwa nini mipango ya harusi ya dada yake imekwama, usomaji wa pili utaanzia kwa khocha, na swali lake la kwanza litakuwa kama fungu lake katika mahari limetajwa au limesahauliwa.