Kesi ya Amin Isiyosikilizwa

Mwishoni mwa 1978 treni za Reli ya Kati zilipita stesheni ya Dodoma zikiwa zimejaa askari na mgambo, kuelekea Mwanza na hatimaye Kagera, kwenye vita dhidi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda. Baba yangu mdogo, mkulima wa uwele kutoka Bahi, alikuwa ndani ya mojawapo. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979. Yeye alirudi, wenzake wamelala makaburini Kaboya, Muleba.

Huku Ugogoni tulitarajia kizimba. Nduli, kama tulivyomwita Amin, angeulizwa kuhusu daraja la Kyaka, mifugo iliyoswagwa kuvuka mpaka na raia waliouawa. Badala yake alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, akaishi Jeddah miaka mingi bila hakimu kumgusa. Mwaka 2003, Amin akiwa mahututi, Rais Museveni wa Uganda alisema akirudi hai atajibu makosa yake. Akafa Agosti 16, akazikwa hukohuko. Baba mdogo alipoisikia taarifa redioni alikasirika: kifo kimempa Amin msamaha ambao hakuna mjane aliyeutoa.

Alisema kweli, na haikuwa lazima iwe hivyo. Arusha, ukishapita Kondoa na Babati, mahakama ya Umoja wa Mataifa ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari, Septemba 4, 1998. Mahakama ya Dakar ilimhukumu vivyo hivyo Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, mwaka 2016, manusura wakishangilia. Amin hawezi tena kuhukumiwa, lakini ushahidi wa wazee wetu wa Bahi, Mpwapwa na Manyoni kuhusu vita hiyo uandikwe sasa, wangali hai.