Nasaba ya Kishikio: Historia ya Wanaokata Upya Vyuma vya Sinema

Kabla ya kamera kuanza kuzunguka mwaka 1976, mpambaji wa seti Mwingereza aitwaye Roger Christian aliingia katika duka la vifaa vya picha jijini London. Alikuwa anatafuta upanga. Kwa filamu yake ya Star Wars, George Lucas alikuwa ameandika habari za mashujaa wanaopigana kwa panga za mwanga, na fedha za kupambia seti hazikutosha kuagiza silaha mpya kiwandani. Kwa masimulizi ya Christian mwenyewe, mwenye duka alimwelekeza kwenye maboksi yaliyokaa siku nyingi bila kuguswa. Alipofunua, akakuta vishikio vya taa za kamera, vizito mkononi, vinang'aa, kila kimoja na kitufe chake chekundu. Akajua amefika.

Leo kishikio kile kinatengenezwa upya katika vibanda vya nyuma ya nyumba, Marekani, Uingereza na nchi nyingine nyingi. Pamoja nacho zinatengenezwa bunduki, mikanda na mitambo ya filamu nyingine. Wenye ufundi huu huchora vipande kwenye kompyuta, hukatisha bati kwa leza, kisha hukaa na tupa na msasa hadi usiku wa manane. Hawauzi tiketi wala hawaigizi. Wanachotaka ni kushika mkononi kitu walichokiona ukutani mwa jumba la sinema walipokuwa wadogo, na kiwe chuma kweli, si plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ufundi wenyewe ni mchanga, lakini nasaba yake inarudi nyuma kuliko umri wake.

Rochester

Vishikio vile vilizaliwa Marekani, katika mji wa Rochester, jimbo la New York, kwenye kiwanda cha Graflex. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza Speed Graphic, kamera kubwa ya wapiga picha wa magazeti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1912. Kwa kamera ya aina hiyo, Joe Rosenthal alipiga picha ya wanajeshi wakisimamisha bendera kisiwani Iwo Jima mwezi Februari 1945.

Ubavuni mwa kamera ilifungwa taa. Globu yake iliwaka mara moja tu, kwa mwako mmoja mkali, kisha ikatolewa na kuwekwa nyingine. Umeme wa kuiwasha ulitoka kwenye kishikio, bomba lililobeba mawe matatu makubwa ya tochi yaliyofuatana. Jiwe moja la aina hiyo lina urefu wa milimita 61.5 na kipenyo cha 34.2. Hapo ndipo umbo la upanga wa Luke Skywalker, shujaa wa Star Wars, lilipoamuliwa, miaka mingi kabla Luke hajaandikwa. Kipenyo cha bomba ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38.1, kwa sababu jiwe la tochi lilihitaji kuingia na kutoka bila kukwama. Mkono wa mtu mzima hulizunguka vizuri, kwa sababu mpiga picha alihitaji kulishika siku nzima.

Baadaye zikaja taa za umeme zisizohitaji globu mpya kila picha. Speed Graphic iliacha kutengenezwa mwaka 1973, na vishikio vyake vikasahauliwa madukani. Ndiyo maana Christian alivikuta kwenye boksi chini ya rafu.

Elstree

Katika studio za Elstree, kaskazini mwa London, Christian alibandika vipande vyembamba vyeusi kwa gundi kuzunguka bomba, vikawa mahali pa kushikia. Akaongeza kipande cha lenzi kilichotoka kwenye kikokotoo, na pete ya kuning'inizia kiunoni. Upanga ukawa tayari.

Silaha nyingine za filamu hiyo zilipatikana kwa njia hiyo hiyo. Bastola ya Han Solo ilikuwa Mauser C96, bastola ya Kijerumani iliyobuniwa karne ya 19, ikafungwa darubini juu yake. Bunduki za askari wa mavazi meupe zilikuwa Sterling za Kiingereza. Upanga wa Obi-Wan Kenobi uliunganishwa kwa kipande cha injini ya ndege ya Rolls-Royce, sehemu za guruneti la bunduki la Vita Kuu ya Kwanza, na kishikio cha bomba la maji cha kampuni ya Armitage Shanks. Christian alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Oscar mwaka 1978 kwa sanaa ya mandhari ya filamu hiyo. Alistahili. Aliona umbo ndani ya takataka za watu wengine.

Lakini tazama mzigo aliowaachia waliomfuata. Yeye alianza na kitu kizima kilichokwisha kupimwa, kukerezwa na kung'arishwa na wafanyakazi wa kiwanda. Wao walilazimika kuanza na bati tupu na kufika pale alipoanzia yeye.

Miaka ya tupa

Filamu ilipotoka Mei 1977, walioipenda walichukua walichokuwa nacho: bomba la maji, mpini, mpira wa mlango, rangi ya kupuliza. Video za nyumbani zilipoenea miaka ya 1980, mtu aliweza kuisimamisha picha na kuipima kwa rula juu ya kioo. Kanuni yao ilikuwa rahisi na bado inafanya kazi. Tafuta kitu kimoja katika picha unachokijua ukubwa wake, kisha kila kingine kipime kwa hicho. Ukijua kwamba bomba lina kipenyo cha milimita 38, na kwenye picha linasoma 19, basi picha ni nusu ya kitu. Kamba ya chuma iliyolifunga bomba ikisoma 25, ujue ni 50.

Ukweli haukuwa mwepesi hivyo kila mara. Kilicho karibu na lenzi huonekana kinene kuliko kilicho mbali, na kitu kilichoinama huonekana kifupi. Wenye subira walitafuta picha ya ubavu kamili, tena iliyopigwa kwa mbali, wakaiamini hiyo kuliko kumi za mbele. Kisha wakakata kwa msumeno wa chuma, wakatoboa kwa keekee, wakapiga tupa. Kipande kimoja kidogo cha bati kingeweza kumaliza jioni tatu. Kikiharibika tundu la mwisho, jioni zote tatu zimepotea.

Mashine zinakuja

Wakati huo, mbali na vibanda vyao, mambo mengine yalikuwa yakipikwa. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyofuata maagizo ya namba badala ya mkono wa fundi, kutokana na wazo la John Parsons wa Michigan aliyekuwa akishughulikia mapanga ya helikopta. Mwaka 1964 Kumar Patel, mzaliwa wa India, alibuni leza ya hewa ya ukaa katika maabara za Bell. Mwaka 1967 Peter Houldcroft wa Uingereza alipuliza oksijeni pamoja na mwali wa leza, akakata bati la chuma la milimita moja. Mohamed Hashish, mhandisi mzaliwa wa Misri, alichanganya mchanga mgumu na maji yenye mgandamizo mkubwa, na maji yakaanza kukata chuma kinene. Desemba 1982 ikatoka programu ya kuchorea ya AutoCAD, pamoja na aina ya faili iitwayo DXF, ambayo hadi leo ndiyo lugha ya kawaida kati ya mchoraji na mashine ya kukatia bati.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akiwaza sinema. Lakini mito hiyo yote ilipokutana, mtu aliyekaa mezani kwake aliweza kuchora kipande usiku, kutuma faili kwenye karakana yenye leza, na kupokea bati lake kwa posta baada ya siku chache. Msumeno ulipumzika. Kipimo hakikupumzika.

Boksi la alumini

Chukua mfano mmoja tuutazame kwa karibu. Katika filamu ya Ghostbusters ya mwaka 1984, wawinda mizimu hubeba mgongoni mtambo mkubwa ulioundwa na Stephen Dane kwa sura ya kitu kilichookotezwa na kufungwa haraka. Umefungwa kwenye fremu ya mkoba wa kijeshi wa Marekani, na bunduki yake ina mwili wa boksi dogo la bati. Wengi wanaoanza ufundi huu huanzia kwenye boksi hilo, kwa kuwa linaonekana jepesi.

Tuseme bati ni alumini ya milimita 2, na unataka kona moja yenye pande mbili, 60 na 40 kwa kipimo cha nje. Anayeanza huchora bati bapa la milimita 100. Likikunjwa, kipande kinatoka kirefu. Sababu ni kwamba kona haipigi pembe kali, bali hupita kwa duara, na njia ya duara ni fupi kuliko kuzunguka pembe. Kwa bati hilo na mkunjo wenye duara la ndani la milimita 2, inabidi kupunguza kama milimita 3.5, yaani bati likatwe 96.5. Boksi lenye mikunjo minne lililosahau hesabu hiyo litapitiliza milimita 14, na matundu yote yatakuwa yamehama.

Leza nayo ina unene wake. Mwali hula bati, mara nyingi kama sehemu mbili za kumi za milimita, na ulimi utakaoingia kwenye tundu lazima uhesabiwe hivyo, la sivyo utalegea au ukatae. Tundu lisiwe jembamba kuliko unene wa bati. Na kabla ya kutuma, andika kipimo kimoja waziwazi kando ya mchoro. Faili nyingi za DXF hubeba namba bila kusema ni za nini. Namba za milimita zikisomwa kama inchi, kipande hukua mara 25.4.

Kwa hiyo fundi mwenye busara huchapisha mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa kamili, huukata kwa mkasi, huubandika kwenye kadibodi, na kulikunja boksi zima mezani kabla chuma hakijaguswa. Karatasi humsamehe. Bati likirudi kutoka kwenye leza, kingo zake bado ni kali, na hapo tupa ya zamani inarudi kazini: kupita kila ukingo mara moja, kuondoa mikwaruzo kwa msasa, kisha rangi nyeusi, na mwisho kuikwangua rangi pembeni mahali ambapo mkono wa mwigizaji ungekuwa umeisugua.

Ushahidi na sheria

Mafundi hawa ni watu wa ushahidi. Bastola ya Deckard, mhusika mkuu wa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, iliunganishwa kwa sehemu za bunduki ya Steyr ya Austria na bastola ya Charter Arms. Kwa miaka zaidi ya 20 waliipima kutoka kwenye filamu na kwenye nakala za mpira. Mwaka 2006 ile halisi ilionyeshwa California katika mkutano wa wapenzi wa hadithi za kisayansi. Waliofika waliipiga picha pande zote, na watu waliokwisha kumaliza nakala zao wakaanza upya. Adam Savage, aliyejulikana kwa kipindi cha MythBusters, ameitengeneza bastola hiyo zaidi ya mara moja. Anayeona hilo ni wazimu hajawahi kupenda kitu kiasi cha kutaka kukijua.

Sheria pia ilifika. Andrew Ainsworth, aliyetengeneza kofia za askari wa mavazi meupe wa Star Wars mwaka 1976, alianza miaka mingi baadaye kuuza nakala, na kampuni ya Lucas ikamshtaki. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kofia ile si sanamu bali kifaa cha kazi ndani ya utengenezaji wa filamu, kwa hiyo haikulindwa huko kama kazi ya sanaa. Marekani sheria ni nyingine, na mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba haki za Marekani zingeweza kudaiwa Uingereza. Tangu hapo kila anayetaka kuuza anajua lazima aulize kwanza. Anayejitengenezea cha kuweka rafuni mwake huendelea na tupa yake.

Chini ya kishikio

Graflex za zamani sasa zinasakwa na wapenzi wa filamu kuliko wapenzi wa kamera, na wenye kamera wanasikitika kuona taa zao zikigeuzwa panga. Wana haki ya kusikitika. Hiyo nayo ni sababu njema ya kukata upya: kila kishikio kinachochongwa kutoka chuma kipya kinaiacha taa moja ya kweli ibaki ubavuni mwa kamera yake.

Na kuna jambo ambalo huonekana tu kwa anayekaa muda mrefu na kipimo. Chini ya kishikio, kwenye kitako ambacho mtazamaji wa filamu hukiona kwa shida, kiwanda kilipiga muhuri wa jina lake na jina la mji wake. Kamera haikuuhitaji. Lakini wanaojali kazi yao huupima muhuri huo pia, huzichora herufi zake moja moja, na kuzichonga mahali pake. Walianza wakitaka upanga wa Luke. Wakapima jiwe la tochi, wakapima mkunjo, wakapima upana wa mkono wa mpiga picha, na kila kipimo kikawarudisha kwa mfanyakazi yule yule wa Rochester aliyekwisha kuamua yote hayo kabla yao. Jina lake hawalijui, kwa hiyo wanaandika la mji wake.