Shabaha na Mawindo: Umbali wa Mwindaji katika Usukuma na Geita

Katika Kiswahili yako maneno mawili ya kumtaja mnyama aliye mbele ya mwindaji. La kwanza ni mawindo, nalo latokana na kitenzi winda. Neno hili lamtaja mnyama kwa kazi yote iliyomfikia: kufuata nyayo, kunyatia, kuvizia, kupiga, kutafuta, kuchuna na kugawa. La pili ni shabaha, neno la asili ya Kiarabu, lililo jirani wa shabihi, yaani kufanana. Shabaha ni umbo lionekanalo mbele ya mtutu, na umbo hilo laweza kuwa la mnyama, la kopo, au la alama iliyochorwa ukutani. Historia ya silaha katika nchi ya Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita yaweza kuelezwa kuwa ni historia ya mawindo kugeuka shabaha, na ya madai yaliyowekwa, mara na wenyeji na mara na serikali, ili kuuzuia mgeuko huo.

Swali la umbali unaompasa mwindaji huulizwa sana Ulaya na Marekani, ambako huwindwa ayala. Usukuma haina ayala. Wanyama wake wa mawindo walikuwa swala, kongoni, nyamera, pofu, korongo na tandala, pamoja na tembo katika misitu. Upande wa mashariki, kuelekea Maswa na Meatu, ambazo tangu mwaka 2012 zimo katika Mkoa wa Simiyu, nchi yafunguka kuwa mbuga, na mnyama huonekana kutoka mbali. Upande wa magharibi, kuelekea Geita na Bukombe, miombo huziba macho, na mwindaji humwona mnyama akiwa karibu au asimwone kabisa. Kwa hiyo tokea zamani nchi yenyewe ilikuwa imekwisha weka mipaka miwili tofauti ya macho.

Silaha ya kwanza kutazamwa ni uta. Neno hili ni la kale mno katika lugha za Kibantu, na Kisukuma hulitamka buta. Vyombo vyake ni upote, podo, mawano na vyembe. Chuma cha vyembe kilipatikana karibu, kwa maana Warongo wa Buzinza na Geita walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma, na majembe yao yaliuzwa Usukuma na Unyamwezi. Juu ya chembe ilipakwa sumu. Katika nchi za kati na za magharibi ya Tanzania sumu hiyo ilitokana hasa na miti ya jamii ya Strophanthus, na mmojawapo, Strophanthus eminii, ulipewa jina la Emin Pasha. Sumu hii huudhuru moyo.

Yafaa kuangalia jinsi chombo hiki kilivyomfunga mtumiaji wake. Mshale huenda polepole kuliko sauti. Mnyama aweza kuusikia upote ukilia naye akaruka kabla mshale haujamfikia. Tena sumu haiui papo hapo. Kwa sababu hizo mbili mwenye uta hana budi kukaribia sana, na akiisha kupiga hana budi kungoja na kufuata. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao nchi yao yafika Meatu, wamedumu na kazi hii hata leo. Mwindaji wao akimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu hamkimbilii, maana mnyama anayefukuzwa huenda mbali. Huangalia njia aliyoshika, hurudi kambini, kisha hutoka pamoja na wenziwe kufuata damu na nyayo. Basi katika uwindaji wa uta kupiga ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mtu asiyejua nyayo hawezi kuwa mwindaji, hata mkono wake ukiwa hodari namna gani.

Wasukuma, walio hasa wakulima na wafugaji, waliuweka uwindaji mkubwa mikononi mwa vyama vya wajuzi. Lugha yao inaonyesha utaratibu huo kwa viambishi: bayege ni wawinda tembo, na buyege ni chama chao pamoja na elimu yake, vivyo hivyo bayeye ni wajuzi wa nyoka, na buyeye ni ujuzi wao, banunguli ni wawinda nungu. Mtu hakuingia chamani kwa kuwa na silaha tu. Aliingizwa kwa mafunzo, dawa na nyimbo, akawa chini ya wakubwa wake katika kazi hiyo. Nyama nayo haikuwa ya mpigaji peke yake. Ngozi za simba na chui zilipelekwa kwa ntemi, na katika nchi nyingi za Usukuma na Unyamwezi ntemi alikuwa na haki katika pembe za tembo. Hivyo kila mnyama aliyeanguka alikuwa na watu wa kumwulizia habari zake.

Bunduki iliingia katika utaratibu huo kwa njia ya misafara ya pembe katika karne ya 19. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Kiingereza Unguja, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 za kila namna zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Msamiati uliokuja nazo karibu wote ni wa ng'ambo: bunduki, baruti, risasi. Risasi katika Kiarabu ni jina la madini yenyewe, yaani plumbi. Lakini nyingi za silaha zilizofika bara hazikuwa za kupiga mbali. Zilikuwa magobore na bunduki za gumegume, zenye kushindiliwa mbele: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha risasi au vipande vya chuma, vyote vikasukumwa kwa mdeki. Mtutu wake ni laini ndani, na risasi ikitoka huyumba. Zaidi ya hatua 50 au 60 mpigaji hakuwa na hakika ya kitu. Naye akikosa, ilimpasa kushindilia upya huku mnyama akikimbia, au huku tembo akimjia.

Kwa hiyo gobore, ijapokuwa lilikuwa na mshindo na moshi, halikuuvunja umbali wa zamani. Mwenye gobore alinyatia kama mwenye uta. Kilichobadilika ni idadi, kwa kuwa bei ya pembe pwani iliwavuta wengi waliokuwa hawakupitia mafunzo ya buyege. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipopiga marufuku uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, uliyaachia magobore nafasi chini ya masharti. Matokeo yake ni kwamba Mwafrika alibaki na silaha ya karibu, na Mzungu akawa na silaha ya mbali. Tofauti hiyo ilidumu katika leseni za ukoloni kwa miaka mingi.

Silaha ya mbali ilitokana na mambo matatu: mtutu uliochongwa mifuo ndani ili risasi izunguke, baruti isiyo na moshi, na darubini juu ya mtutu. Neno darubini lina asili ya Kiajemi, nalo maana yake ni "yenye kuona mbali". Jina hilo ni la haki kabisa, kwa kuwa darubini huongeza kuona, wala haiongezi jambo lingine lolote. Risasi ya bunduki ya kawaida ya mawindo huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400. Katika muda huo huanguka zaidi ya mita moja chini ya mstari wa mtutu, na upepo wa pembeni huisukuma. Mpigaji aweza kuyahesabu hayo kwa majedwali na kwa vipimo vilivyomo katika darubini. Walakini hawezi kuhesabu nia ya mnyama. Swala anayekula majani aweza kupiga hatua moja baada ya risasi kutoka na kabla haijafika, na risasi iliyolengwa moyoni ikaingia tumboni. Hapo kosa si la mkono wala la chombo. Ni la umbali wenyewe.

Tena kuna jambo la pili. Aliye mita 400 mbali, mnyama akijeruhiwa na kuingia vichakani, hana budi kwanza kupatambua mahali aliposimama mnyama, na katika mbuga isiyo na alama kazi hiyo ni ngumu kuliko kupiga. Mwenye uta aliacha mnyama aende huku akiijua njia yake. Mwenye darubini huweza kumwona mnyama vizuri kabisa, kisha akampoteza kabisa.

Serikali za kikoloni ziliyajua mambo hayo kwa kiasi. Amri ya Wissmann ya mwaka 1896, zamani za Wadachi, iliweka leseni na hifadhi za kwanza. Mkataba wa London wa mwaka 1933 ulielekeza kukatazwa au kupunguzwa kwa njia kadhaa: kuwinda kwa gari au kwa ndege, kuzingira wanyama kwa moto, taa za kupumbaza, sumu, nyavu, mashimo na mitego. Ukitazamwa vema, mkataba huo uliweka katika safu moja vitu viwili visivyofanana. Gari na ndege vilikuwa vyombo vya mgeni, navyo vilikatazwa kwa sababu vilimwondolea mnyama nafasi ya kuokoka. Sumu na mashimo vilikuwa vyombo vya mwenyeji, navyo vilikatazwa kwa sababu ya ukatili. Umbali wa kupiga haukutajwa. Hivyo mwenye mshale wa sumu aliyekaribia na kufuata mawindo yake siku nzima akawa mkosaji, na mwenye bunduki nzuri aliyejaribu bahati yake kutoka kilima kingine akabaki mstaarabu. Neno jangili lilipokuja kuenea, liliwapata wengi ambao kazi yao haikuwa imebadilika. Sheria ndiyo iliyobadilika.

Hata hivyo si haki kusema kwamba sheria haikuwa na maadili. Mabwana nyama walisisitiza kwamba mnyama aliyejeruhiwa afuatwe mpaka mwisho, na wajibu huo ukadumu katika masharti ya uwindaji hata baada ya uhuru. Katika jambo hili sheria ya Waingereza na desturi ya wawindaji wa zamani zilikutana, ingawa hakuna aliyemwiga mwenziwe.

Mtihani mkubwa wa maadili hayo ulitokea Shinyanga kwenyewe. C. F. M. Swynnerton, bwana nyama wa kwanza wa Tanganyika, aliacha ulinzi wa wanyama akashika utafiti wa mbung'o. Idara ya utafiti huo iliundwa mwaka 1929 chini yake, na makao yake yakawa Shinyanga. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o mmoja, Glossina swynnertoni, ana jina lake. Baada yake, katika miaka ya 1940, lilifanywa jaribio la kuwaua wanyama wa pori katika eneo lililochaguliwa, ili ijulikane kama mbung'o wataisha wakikosa damu. Taarifa ya jaribio hilo ilitolewa na Potts na Jackson mwaka 1952. Mbung'o walipungua sana. Kwa kadiri ya shabaha yake jaribio lilifaulu. Nalo halikuwa la ujinga, kwa kuwa nagana iliua ng'ombe na malale yaliua watu, na Wasukuma wenyewe walikuwa wamefyeka vichaka kwa maelfu ya watu ili kumfukuza mbung'o.

Lakini bunduki hapo haikuwa tena chombo cha kuwinda. Hapakuwa na dume wala jike, mwenye mimba wala mchanga, msimu wala kiasi. Mnyama hakutakiwa kwa nyama wala kwa pembe, alitakiwa asiwepo. Katika jaribio hilo neno mawindo halikuwa na mahali, na neno shabaha lilibaki peke yake. Pengine ndiyo sababu habari zake zimekuwa sehemu ya elimu ya wadudu, wala hazikuwa sehemu ya elimu ya uwindaji.

Baada ya uhuru Serikali ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1973, ikaweka Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori mwaka 1974, na uwindaji wa leseni ukafunguliwa tena mwaka 1978. Sheria mpya ilikuja mwaka 2009. Wakati huo nchi nayo ilikuwa imebadilika. Mgodi wa Geita, uliochimbwa tangu miaka ya 1930 hata mwaka 1966, ulifufuliwa mwaka 2000 kwa mitambo mikubwa. Palipokuwa na miombo na nyayo za pofu pana mashimo, mashamba na mji. Uta wenyewe ulirudi kwa kazi nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu wa Shinyanga na Kahama waliuchukua pamoja na mishale ya sumu dhidi ya wezi wa mifugo, ambao baadhi yao walikuwa na bunduki za kivita. Silaha ya karibu iliikabili silaha ya mbali, na nguvu yake haikuwa katika upote. Ilikuwa katika wingi wa watu waliotoka pamoja na kuulizana.

Historia hii haitoi kipimo kimoja cha mita. Mita 40 zilikuwa mbali mno kwa gobore bovu, na mita 200 ni karibu kwa bunduki njema yenye mkono uliotulia. Inachotoa ni maswali matatu ambayo kila silaha iliyopita Usukuma imeyajibu kwa namna yake. Je, kutoka hapo mpigaji anamjua mnyama, au anaona umbo tu? Je, mnyama akijeruhiwa, mpigaji aweza kumfikia? Je, yuko mtu atakayemwuliza habari zake? Bayege walikuwa na jibu la maswali yote matatu, ingawa silaha zao zilikuwa duni. Darubini hulijibu nusu ya swali la kwanza, na mengine huyaacha kama yalivyokuwa.