UZI: Muziki tunausikiliza mtandaoni, lakini pesa za msanii huishia wapi?

1/ Kila msimu wa kampeni lazima usikie hii: "Wasanii wetu watalipwa haki yao!" Watu wanapiga makofi, wimbo unachezwa, tunaenda nyumbani. Uliza watalipwa na nani na kupitia njia gani, kimya. Wacha nirudi nyuma kidogo tuone tulifikaje hapa. Sitataja mtu wala chama.

2/ Enzi za kaseti, biashara ya muziki Nairobi ilikuwa River Road. Msanii alikula kulingana na kanda zilizouzwa, na adui yake alikuwa mtu wa kunakili kanda kisirisiri. Chama cha kukusanya mirabaha, MCSK, kipo tangu 1983. Kwa hivyo hizi kelele za mirabaha si za juzi.

3/ 1999, Marekani, ikaja Napster. Watu wakaanza kupeana nyimbo bure, kompyuta kwa kompyuta. Kesi zikaifunga 2001, lakini tabia ilikuwa imeshaingia. Kwetu ilifika kupitia cyber. Mimi mwenyewe nililipa jamaa wa cyber anijazie CD. Yeye alipata, mwenye intaneti akapata, muuza CD tupu akapata. Aliyeimba hakupata hata ndururu.

4/ 2009 mambo yakabadilika. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini, tukaacha kutegemea setilaiti. Mwaka huo huo Skiza ikaanza: unalipia wimbo ili anayekupigia simu ausikie. Pesa zinakatwa kwenye salio, pole pole, hata huzihisi.

5/ Hapo ndipo vita vya mgao vilipopamba moto. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yaliandika hesabu ya hiyo milio: msanii au mwenye haki 52%, kampuni ya simu 39.5%, mtoa huduma wa kati 8.5%. Basi ukisikia mtu jukwaani akitaja asilimia, muulize: asilimia ya nini? Ya pesa zote, au ya zilizobaki baada ya makato?

6/ Kisha tukaanza kusikiliza bila kumiliki. YouTube ilikuwepo tangu 2005. Mdundo ikaanzia hapa Nairobi. Boomplay ilianza Nigeria 2015, ikija tayari ndani ya simu za Tecno. Spotify, iliyozinduliwa Uswidi 2008, ilifika Kenya Februari 2021.

7/ Wengi hudhani kila wimbo ukichezwa kuna bei maalum. Sivyo. Kwa kawaida pesa za ada na matangazo huingia chungu kimoja, huduma inatoa fungu lake, kinachobaki kinagawanywa kulingana na nani amesikilizwa zaidi. Unaweza kulipia mwezi mzima usikilize benga tu, na sehemu ya pesa yako iende kwa nyota wa ng'ambo hujawahi kumsikia.

8/ Na haziendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Zinaenda kwa mwenye haki. Kama msanii alitia sahihi mkataba bila kuusoma, hakuna programu ya simu itakayomwokoa.

9/ Serikali nayo? Inapata mapema, hata kabla wimbo haujaanza. Ushuru wa bidhaa kwenye data uliwekwa 15% mwaka 2018, ukapanda 20% mwaka 2021, ukarudi 15% mwaka 2023. Na bando likipanda bei, mwananchi anarudi kwa nyimbo za bure za kuibwa. Huwezi kuahidi msanii mapato huku unamfungia msikilizaji mlango.

10/ Hii si hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 40(5), inasema Serikali itaunga mkono, kukuza na kulinda haki za ubunifu za Wakenya. Ni deni.

11/ Kwa hivyo mkutano ujao, peleka maswali matatu: Vitabu vya wanaokusanya mirabaha vinakaguliwa na nani, na matokeo tunayaona wapi? Mgao unahesabiwa kabla au baada ya makato? Data itashuka bei lini?

12/ Na sisi wasikilizaji tusijitoe. Ile CD ya cyber bado ninayo. Nyimbo 18, na deni langu kwa waimbaji wote hao sijawahi kulipa.

Mwisho wa uzi.