Daktari, profesa na mzamivu

Vyeo vya chuo kikuu, vingine tumeviazima na vingine tumejitungia. Daktari na profesa asili yake ni Kilatini: wa kwanza hufundisha, wa pili hutamka hadharani anachokijua. Daktari tukamkabidhi sindano, ndiyo maana msomi wa falsafa mitaani huitwa Dokta, asije akaletewa mgonjwa. Shahada yake tukaiita uzamivu, kutokana na kuzama.

Theodor Mommsen, bingwa wa Roma ya kale aliyezaliwa mwaka 1817, anayafaa sana maneno haya. Alipata udaktari wa sheria huko Kiel mwaka 1843, kisha akaenda Italia kwa ruzuku ya mfalme wa Denmark. Cheti kilitangulia, kuzama kukafuata. Maandishi ya mawe ya Kirumi yalikuwa yamenakiliwa vitabuni kwa makosa tele, mengine ya kughushi kabisa. Akashikilia kwamba jiwe lionwe kwa macho kila inapowezekana. Wataalamu wa epigrafia, yaani usomaji wa maandishi ya kale yaliyochongwa, huenda mbali zaidi: hulaza karatasi iliyoloweshwa juu ya jiwe, wakaipigapiga kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi. Ikikauka hubanduliwa na umbo lote la maandishi, pamoja na mikwaruzo iliyolipita jicho. Mkusanyo wa maandishi ya Kilatini aliousimamia Berlin ulianza kuchapishwa miaka ya 1860. Leo una takribani maandishi 180,000.

Uprofesa nao ulimponza. Leipzig, huko Saxony, ilimpa kiti cha sheria mwaka 1848. Akajitosa katika siasa za mageuzi za wakati ule, na mwaka 1851 akafukuzwa. Akahamia Zürich, kisha Breslau. Juzuu tatu za historia yake ya Roma zikatoka kati ya 1854 na 1856, na ndizo hasa zilizompatia Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1902.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere, na kigoda ni jina zuri la kiti cha profesa: hukaliwa kwa idhini ya mwenye baraza. Watawala wa Saxony walikichukua cha Mommsen. Alichokizamia Italia hawakuwa na pa kukishika. Basi tusiharakishe kusema mtu “amemaliza uzamivu”. Amemaliza tasnifu. Kuzama ni kitenzi kisicho na mahafali.